Maji ya Kunawa Yakae Mlangoni

Batulbai hawezi kukaa. Ukimwekea kiti anakipangusa, anakisogeza, halafu anakwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Nimeshona turubai katika duka lake tangu nikiwa msichana, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai mahali pamoja. Anakianzia kaunta, anakimalizia barazani, na kikombe chenyewe nakitafuta mimi, Devota, kana kwamba niliajiriwa kwa kazi hiyo.

Duka liko Tanga mjini. Marehemu mumewe, mzee Shabbar, alilirithi kwa baba yake. Tunauza mahema, turubai, kamba, na vigingi. Wapimaji wa ardhi wamepita hapa, na mabwana shamba wa katani, na wazungu wa kupanda milima, na watu wa harusi na wa matanga. Batulbai amewauzia watu mahema ya kwendea Mkomazi na Saadani na milima ya Usambara, akawafundisha na namna ya kuyafunga upepo ukiwa mkali. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala nje hata usiku mmoja. Mzee Shabbar alikuwa mtu wa nyumbani. Safari yake ndefu ilikuwa msikitini na kurudi.

Mzee alipofariki, mtoto wao wa pekee, Zainuddin, alianza kumwita mama yake ahamie kwake Dar. Kila Ijumaa alipiga simu. Batulbai aliiweka sauti kubwa ili nami nisikie anavyoonewa.

"Mama, funga duka uje tukae pamoja. Umri umekwenda."

Alikwisha kwenda mara moja, akakaa kidogo kwenye ile nyumba yao ya ghorofa ya tano, akarudi amekonda. Alisema kule mtu akitaka kukanyaga mchanga lazima kwanza aiombe lifti.

"Mwanangu Devota, nikipanda kule moja kwa moja, sishuki ila kwa jeneza," aliniambia huku akiizunguka meza yangu ya kushonea. Nilikasirika. Mtu akikuzunguka namna ile, mshono unapinda.

Siku moja simu ilipolia, hakungoja kuambiwa habari za umri. Alimwambia Zainuddin kwamba anataka kusafiri, kulala maporini na pwani zile alizowauzia wengine mahema. Zainuddin akatoa sharti. Watafanya safari moja, naye akiwemo, aone kwa macho yake. Ikienda salama, hatataja tena habari ya Dar. Likitokea la kutokea njiani, Mama anafunga duka na kuhamia kwake.

Batulbai alikubali kabla mwanawe hajamaliza kusema. Nilitamani kumfinya. Duka lile ndilo lililonilea mimi na wanangu kule Mabawa. Wazazi wangu waliletwa huku kukata mkonge, wakafa bila kuachiwa hata kiwanja, na mimi sina kwingine pa kupeleka sindano yangu. Sasa bibi huyu ameliweka duka dau kwa safari moja, wala hakuniuliza.

Nilimshauri basi achukue hema letu zuri kabisa.

"Hema?" akasema. "Nimeuza turubai maisha yangu yote, Devota. Najua linapovujia."

Nilinuna mchana kutwa, maana yale anayosema yanavuja niliyashona mimi.

Alitaka tela. Si tela wazi la kubebea mchanga; alitaka boksi lenye kuta, paa na mlango wa kufunga kwa ufunguo, linalovutwa na gari popote palipo na njia. La kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa limeletwa kutoka Dar, jeupe, linang'aa, na vijigurudumu vya toroli. Batulbai aliegemea kona moja, tela zima likalia. Alisema hilo ni la kubebea magodoro ya hoteli. La pili lilikuwa fremu tupu ya kufunikwa turubai, na hilo alilipita bila kusimama.

La tatu tulilikuta Chumbageni, nyuma ya karakana ya Nehemia, fundi wa kuchomelea, Msambaa wa Lushoto. Lilikuwa boksi la chuma la kiwanda cha mikate kilichokwisha kufungwa, na ubavuni bado palikuwa na picha ya mkate uliokatwa vipande. Nehemia alianza kulisifu. Alipogeuka kumtafuta mteja, mteja alikuwa ameingia chini ya tela na vazi lake lote, ametoa shazia, ile sindano yangu kubwa ya kushonea magunia, anachomachoma fremu. Hapa kwetu chumvi hula chuma kimyakimya. Juu unaona rangi nzuri, ndani umebaki unga.

"Bibi, shikamoo. Toka huko, nitakueleza mwenyewe," Nehemia akasema.

"Marahaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame," sauti ikajibu kutoka chini.

Alikuta kutu upande wa tairi la kushoto tu. Ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ilikuwa nzima, springi nzima, sakafu nzima. Akatoka na grisi shavuni akasema hilo ndilo.

Basi kazi ikaanza, na amani ya Nehemia ikaisha. Alifungua madirisha mawili na kuyawekea wavu wa mbu. Alitoboa paa kwa ajili ya hewa, akaliwekea kifuniko cha mvua. Alitengeneza kitanda cha kukunjia ukutani, akachomelea pete sakafuni za kufungia mizigo, akajenga kizimba cha mtungi wa gesi. Kila asubuhi, kabla hatujafungua duka, Batulbai alikuwa pale. Rafu ipande. Kitasa kishuke. Dirisha hili kwa nini linatazama ukuta? Nehemia ni Mlutheri mpole, mwimba besi, na alizoea kufanya kazi akiimba. Baada ya siku chache akawa haimbi.

Halafu likaja suala la sinia. Batulbai ni Bohora, na kwao chakula huliwa kwenye sinia moja kubwa juu ya kigoda, watu wamekaa chini kulizunguka, vichwa vimefunikwa. Kwanza watu wananawa, kisha wanaonja chumvi, ndipo chakula kinakuja. Hainuki mtu mpaka wote wamemaliza, wala punje haiachwi. Batulbai alitaka hayo yote yawezekane ndani ya tela mvua ikinyesha. Kwa hiyo sehemu yote ya mbele iachwe wazi kwa ajili ya sinia, na tangi la maji likae nyuma, mlangoni. Jiko nalo, gesi na masanduku ya vyakula vifuate maji.

Nehemia aliweka chini nyundo.

"Bibi, maji ni mazito. Tangi likae mbele ya ekseli. Uzito ukibaki nyuma, tela litacheza mkia barabarani."

"Maji ya kunawa yakae mbele? Watu wapite na mikono ya safari mpaka juu ya chakula, ndipo wanawe?"

"Wanaweza kunawia nje, Bibi. Kwenye ndoo."

"Ndoo ni ya kufulia. Maji ya kunawa yakae mlangoni."

Nilimwambia amsikilize fundi. Akaniuliza tangu lini nimeanza kushona magurudumu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; hawakutuambia mkuu asiposikia la mdogo inakuwaje. Tangi likachomelewa vishikio mlangoni, likajazwa pomoni.

Zainuddin alikuja kwa basi, na viatu vya ofisini na simu mbili. Ni mtu wa makamo sasa, ana mvi masikioni, lakini mbele ya mama yake mabega hushuka. Tulipanda pikapu ya Nehemia yenye viti vya nyuma, Nehemia kwenye usukani na Zainuddin kando yake, mimi na Batulbai nyuma. Mwisho wa safari ulikuwa Mkwaja, tulale karibu na bahari. Tangu tunatoka mjini Batulbai alikuwa akigeuka kuangalia tela, anaketi, anageuka tena, na kila akigeuka kiwiko chake kinanipata mbavuni. Zainuddin naye alikuwa akiangalia simu hii, kisha ile. Nilisafiri na watu wawili wasiotulia, na mawazo yangu yote yalikuwa dukani.

Tulivuka mto pale Pangani, tukapita Mwera. Barabara ikawa nzuri, inateremka.

"Fundi, kanyaga kidogo," Zainuddin akasema. "Jioni nina watu wa kuongea nao, na huku mtandao unapotea."

Nehemia alikanyaga. Kwanza nilihisi kitu kimetuvuta nyuma, upole tu, upande wa kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto tena kwa nguvu zaidi, na pikapu yenyewe ikaanza kufuata. Niligeuka nikaona picha ya mkate inakuja ubavuni kwetu, inaondoka, inakuja. Mbele kulikuwa na bodaboda aliyepakia nazi. Alituona akaingia majanini na nazi zake zote. Zainuddin alipiga kelele breki zikanyagwe. Nehemia hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, midomo inatembea bila sauti, akaiacha gari ichoke yenyewe. Tulisimama tairi moja likiwa nje ya barabara.

Hakuna aliyeumia. Yule wa bodaboda alitoka majanini akatuambia maneno ambayo sitayarudia, na tukamsaidia kuokota nazi.

Zainuddin alikuwa ameegemea tela, uso hauna rangi.

"Basi, Mama," akasema. "Limetokea."

Batulbai alisimama tuli, mkono wake juu ya tangi la maji. Niliogopa zaidi kwa ule utulivu kuliko nilivyoogopa ndani ya gari.

"Limetokea," akakubali. "Na kosa si la Nehemia. Alinionya, nikamdharau. Sharti ni sharti, nitafunga duka." Aliniangalia mimi, akaangalia chini. "Lakini chakula nimekipika kwa mikono yangu. Tule kwanza, ndipo turudi."

Nehemia alifungua bomba, maji yakamwagika mchangani, akabakiza birika moja tu. Tukahamisha gesi, jiko na masanduku yote mbele, tukayafunga kwenye zile pete. Pale palipoachwa wazi kwa ajili ya sinia pakajaa mizigo mpaka dirishani. Sikungoja kuulizwa. Nilitoa turubai la pikapu nikalitandaza chini ya minazi, tukaweka kigoda na sinia juu yake.

Tulikuwa wanne. Nehemia alikuwa kichwa wazi, na Batulbai akatoa mkobani kofia nyeupe yenye uzi wa dhahabu, ya mzee Shabbar. Nehemia alisita, akaitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, akaivaa. Ilimbana. Mimi nilijitanda khanga. Zainuddin, kwa kuwa ndiye mdogo wa nyumba ile, alituzungushia birika tukanawa. Chumvi ikapita. Ikaja halua kidogo, kisha sambusa, kisha biriani ya mbuzi, na njaa ya hofu ni njaa mbaya, tukala kwa pupa.

Zainuddin alimaliza wa kwanza. Nehemia akafuata, nikafuata mimi. Batulbai alikuwa na kilima kidogo cha wali upande wake wa sinia. Alichukua punje moja. Akaitafuna. Akatazama minazi. Akachukua nyingine.

Mwanzoni nilidhani anaumwa. Kisha nikaona macho yake, nikaelewa. Hainuki mtu mpaka wote wamemaliza.

"Mama, jua linakwenda," Zainuddin akasema.

"Haraka haraka haina baraka."

Simu moja ikaanza kutetemeka mfukoni mwake. Baba yake hakuruhusu simu kwenye sinia, na mkono wake ulikuwa na mafuta ya biriani. Ikatetemeka mpaka ikakata tamaa. Ya pili ikaanza. Bandu bandu humaliza gogo, lakini mama huyu alikuwa analibandua gogo kwa kucha. Miguu yangu ilikufa ganzi. Siafu mmoja alipanda kwenye kifundo changu na sikuweza kuinuka. Nilikuwa na hasira na Zainuddin, na hasira na Batulbai, na hasira na kile kilima cha wali kisichopungua.

"Shaista hajambo?" Batulbai akauliza. Shaista ni mke wa Zainuddin.

"Hajambo."

"Mbona nikiomba kuongea naye simpati?"

"Anakuwa jikoni, Mama."

Punje moja. "Na Ijumaa iliyopita?"

"Alikuwa jikoni."

"Na ile nyingine?"

"Jikoni."

"Anapika nini huyo, asiyetoka jikoni?"

Nehemia alikohoa, akageuzia uso upande wa barabara. Zainuddin aliinamia sinia. Alijifanya anaokota punje zilizomwangukia, moja moja, ingawa kwake palikuwa peupe.

"Hayupo, Mama," akasema. "Amekwenda Nairobi kwa kaka yake, na mtoto."

"Kwa heri au kwa ugomvi?"

"Kwa ugomvi. Tangu mfungo wa Ramadhani."

Batulbai aliacha kula kabisa. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kila wiki nakuita uje nikutunze." Akaacha kuokota, akaanza upya. "Si kweli, Mama. Sikukuita kwa ajili yako. Nimekuita kwa ajili yangu. Nikirudi nyumbani nawasha taa za vyumba vyote, kisha nafungua simu zote mbili, nipate mtu wa kuongea naye mpaka nilale. Hata wale wa jioni hii si watu wa kazi. Ni watu tu."

Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kilitoka kweli, cha mtu mzima, bila sauti, na mikono yenye mafuta asiyoweza kujifutia. Mimi niliyekuwa nimemlaani tangu Tanga nilimwonea huruma mpaka nikasahau siafu. Batulbai hakumwambia pole. Alikusanya wali uliobaki kwa vidole, akaufanya tonge, akamtia mdomoni kama mtoto anayeota meno. Akarudia, na kurudia, mpaka sinia likawa jeupe. Chumvi ikapita tena. Tukainuka tukiyumba.

Zainuddin alijimwagia usoni maji yaliyobaki kwenye birika. Alipoongea tena alikuwa ametulia.

"Sharti nimelifuta, Mama. Lilikuwa la uongo tangu mwanzo. Rudi Tanga, duka lako lipo. Na tela hili ni zuri, kasoro ilikuwa maji tu, kama fundi alivyosema. Safiri unavyotaka."

Nilitazama barabara ya kurudia Pangani, nikaiona meza yangu ya kushonea mwisho wake. Batulbai alikuwa amekwisha ondoka. Alilizunguka tela, akapiga tairi teke, akajaribu kufuli, akazunguka tena.

"Nehemia, sasa uzito uko mbele?"

"Uko mbele, Bibi. Halitacheza tena."

"Na barabara hii ukiifuata hivi ilivyo, inakwenda wapi?"

"Mkwaja, Bibi. Kisha Saadani, kisha Bagamoyo." Nehemia alivua ile kofia, akaikunja taratibu. "Kisha Dar."

"Basi tuifuate."

Nehemia aliomba kwanza ampigie mkewe. Mimi sikujua nishike nini. Nilimuuliza Batulbai, "Mama, na duka?" Akafungua pini kifuani, akatoa funguo zilizokaa pale tangu kifo cha mzee, akanitia mkononi.

"Duka utalifungua wewe. Mteja akiniulizia, mwambie nimesafiri. Na ile mishono ya kona, ishone mara mbili."

Nililia pale pale kando ya barabara, mbele ya yule wa bodaboda, ambaye alikuwa bado ananyoosha usukani wa pikipiki yake na aliyekubali, kwa nauli, kunirudisha Pangani nikapande gari.

Zainuddin alikuwa bado hajaelewa. Alisimama mbele ya mlango wa pikapu kama mtu anayezuia mwizi.

"Mama, usijitese kwa ajili yangu. Kule juu hukupaweza. Na lifti yenyewe siku hizi ni mbovu."

"Nani kakuambia napanda? Tela litakaa chini, uani. Nitalala humo, nitapika humo. Wewe ndiye utashuka kula."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu baba yako afariki nami nakula peke yangu, Zainuddin. Hukuwahi kuniuliza."

Zainuddin alisogea kando akamfungulia mlango. Batulbai alipanda, na Nehemia akawasha gari.